Spoti ni ipi hasa? Altezza, Mark X, WRX... wana Nyanda za Juu tuwekane sawa

Kipunji_wa_Rungwe

Ugonile wana Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe, wengine wote habari za mida hii wakuu.

Kuna ubishi umekaa kijiweni kwetu Mafiati na haupati mwenyewe, nimeona niulete huku kwa wanaojua magari. Jamaa yetu kaleta Altezza RS200, manyuo (gia za mkono), nyeupe, chombo kimesimama kweli, na kila akipaki lazima aseme "hii ni spoti wanangu". Mzee mmoja pale, zamani alikuwa dereva wa mabasi, anasema hakuna spoti yenye milango minne, spoti ni milango miwili viti viwili, ukishaweza kumbeba mama mkwe nyuma hiyo ni teksi. Dogo wa kuosha magari yeye anasema chochote chenye tabo, lile feni la kusukuma hewa kwenye injini, ni spoti. Afu kuna wa nne ana Mark X 2.5, anadai yake ndo spoti zaidi sababu injini yake ina nguvu ya farasi 215 na Altezza ina 210, na kwenye gia ameandikiwa S.

Mi natafuta gari kabla mwaka haujaisha na sitaki kununua jina. Kipimo ni nini? Milango, tabo, farasi, spidi, au kampuni ikisema spoti basi tunakubali? Na hizi zipi zimo zipi hazimo: Altezza, Mark X, WRX (ile Subaru Impreza ya tabo), Forester XT, Celica, RX-8, Golf GTI.

Naomba asije mtu akanijibu "inategemea".

Nsongwi_Juu

Inategemea 😂

Utani mkuu. Mzee wa basi kamaliza. Milango miwili, paa lifunguke lisifunguke hilo sio ishu, ukikaa matako yawe karibu na lami. Hizo nyingine zote ni gari za familia zenye hasira.

Semi_Tunduma

Mi sio mtu wa spoti, naendesha semi, Dar Tunduma, ila hayo magari yenu nayajua kwa jinsi yanavyonipita. Pale Kitonga ninapopanda na mzigo natambaa kwa gia ndogo na nyuma yangu kuna mkia wa magari, mengi yakipata upenyo yananguruma kwanza yanajikusanya ndo yanatoka, na wakati mwingine yanakosa pumzi katikati inabidi nimhurumie nibane kushoto. Afu kuna lile moja unaliona kwenye kioo cha pembeni hujakaa sawa lishakaa mbele yako. Sasa la mwisho kunifanyia hivyo lilikuwa Crown Athlete. Crown jamani! Gari ya mkurugenzi! Kwa hiyo kama kupita ndo kipimo basi wakurugenzi wote wa halmashauri wanaendesha spoti.

Afu niseme hili japo hamjaniuliza, mnaoovateki kwenye kona za Kitonga kwa sababu gari ina S kwenye gia, huko mbele nawakuta mmelala kwenye mtaro, na mimi ndo nasimama kuwawashia hazadi.

Fundi_wa_Soweto

Kipunji leo umenikuta nina nafasi, gari ya mteja inasubiri spea kutoka Dar, kwa hiyo nitaandika ndefu mnivumilie.

Tuanze na mzee wa basi, shikamoo yake. Ni kweli spoti nyingi zilikuwa milango miwili viti viwili, ila sio kipimo, maana Hilux singo kebini nayo ina milango miwili na viti viwili na sijawahi kusikia mtu wa Igurusi anasema kabeba mpunga kwenye spoti. Upande wa pili kuna Porsche 911, inauzwa tangu 1964, nyuma ina viti viwili vidogo vya watoto, nani anabisha kwamba ni spoti? RX-8 ndo kabisaa, ina milango minne, ile ya nyuma ni midogo inafungukia kinyume, watu wazima wanne wanaenea, na bado ni spoti, kwa sababu ukiifungua boneti unaona walikuwa na nia gani, ile injini ya rotari, isiyo na piston, ni ndogo nyepesi wameisukuma nyuma ya ekseli ya mbele na kuilaza chini mpaka uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma. Hayo mahesabu hakuna anayeyafanya kwa ajili ya kupeleka watoto shule.

Tabo nayo hapana. Scania ya Semi_Tunduma ina tabo. Honda S2000 iliyotoka 1999 haina, injini ya lita 2 tu lakini inatoa farasi 250 kwa sababu inakubali kuzungushwa mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika, na Toyota 86 ya 2012, ile waliyoitengeneza na Subaru, haina pia, hiyo ni farasi 200. Mwambie dogo wa kuosha aendelee kuosha.

Sasa farasi, na hapa ndo mwenye Mark X anapoteleza. Chukua Mazda Roadster ya kwanza kabisa, nje ya Japani wanaiita MX-5, imetoka 1989 na injini ya 1.6 ya farasi kama 120 hivi na uzito wa kilo 940 na kitu. Gawanya, kila farasi ana karibu kilo 8 za kuvuta. Mark X ya 2.5 ina farasi 215 na kilo kama 1,500, kila farasi ana kilo 7. Yaani kwa hesabu za darasani Mark X inashinda, na kwenye ile nyoosho ya Igawa kuja Chimala hiyo Roadster ya zamani itabaki inaangalia taa za nyuma. Ila kamuulize mtu yeyote aliyekulia kwenye magari ipi ni spoti kati ya hizo mbili, hamalizi hata kukusikiliza. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinapimwa hapo na sio nguvu.

Kipimo changu mimi ni kuangalia waliotengeneza walikubali KUPOTEZA nini. Kila gari ni mapatano, ukitaka buti kubwa mkia unarefuka, ukitaka abiria watatu nyuma wakae wanyooshe miguu bodi inapanda na uzito unapanda, ukitaka ukimya unajaza mipira na masponji, kila kitu kina kilo zake na kila kilo inakuja kukudai kwenye kona na kwenye breki. Spoti ni ile gari ambayo wakati wa kuchora, kila walipofika kwenye mapatano, dereva ndo alishinda na abiria akashindwa. Hiyo Roadster viti vya nyuma wametoa, buti inaingia mabegi mawili ukiyabembeleza, paa turubai. Lakini saspensheni wameweka wishiboni mbilimbili, yaani mikono miwili ya kushika kila tairi, na wakafunga fremu ndefu kutoka giaboksi mpaka difu ili ukikanyaga mafuta usisikie ule ulegevu wa katikati. Kwenye gari ya farasi 120! Hela yote imeenda kwenye mikono na matako ya dereva.

Na hiyo hawakuitoa hewani. Waingereza ndo walikuwa na vigari hivyo, MG, Triumph, Lotus Elan, injini ndogo bodi nyepesi, huyo Colin Chapman wa Lotus uzito alikuwa anauchukia kama deni. Vikafa karibu vyote, vingine kwa kutu vingine kwa umeme kusumbua vingine kampuni zenyewe kuyumba, mpaka Mazda walipokuja kuvifufua kwa injini inayowaka kila asubuhi. Kufika 2016 walikuwa washatengeneza zaidi ya milioni moja.

Mark X haijapoteza chochote. Buti ipo, nyuma watatu wanakaa, ndani kimya, nguvu ipo. Ni gari nzuri sana, mi mwenyewe nikipata hela ya kwenda Dar na familia naichukua hiyo kabla ya Roadster, ila spoti sio. Crown hivyohivyo.

Altezza ndo ngumu, ndo maana kijiwe hakilali. Inasukuma nyuma, injini ya RS200 ni 3S-GE ambayo kichwa chake walisaidiana na Yamaha, farasi 210 kwa lita 2 bila tabo sio mchezo, manyuo gia sita, saspensheni wishiboni mbilimbili. Lakini milango minne na buti ya kawaida, kilo 1,340 na zaidi. Mi naiita sedani ya spoti na sioni kama ni matusi. Golf GTI nayo ina kabila lake, ile ya 1976 walichukua Golf ya kawaida wakaitia injini ya 1.6 ya farasi 110, hachibeki yenye moto. Celica za mwisho zinavuta mbele na bodi yake ni ya spoti kuliko chesesi yake, hapo mtanitukana lakini ndo hivyo.

WRX naiacha kwa makusudi, najua nani anakuja.

STI_Mlima_Nyoka

Nimekuja.

Fundi gari yangu unaishika wewe kwa hiyo nakuheshimu, ila hapa umeandika kama mtu anayeishi Uingereza kwenye lami isiyo na shimo usawa wa bahari. Sisi tuko Mbeya. Mjini tu hapa tuko kama mita 1,700 juu, hewa imepungua, mgandamizo ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na injini isiyo na tabo inavuta ile hewa iliyopo haina la kufanya. Hiyo Altezza yenu ya farasi 210 Dar, ikifika Mafiati imebaki na kama 170, S2000 nayo vivyo hivyo, ukiendelea kupanda Kawetere kwenda Chunya inazidi kuishiwa. Tabo inafidia, feni linazunguka zaidi linasukuma hewa mpaka presha inafika pale kompyuta inapotaka. STI, yaani WRX iliyokazwa zaidi, ya lita 2, farasi 280, kilo 1,400 na ushee, huku kwetu bado ni mnyama yuleyule. Sasa niambie ukiwa Nyanda za Juu spoti ni ipi, ile ya kwenye makaratasi au ile inayofika juu na nguvu zake?

Na hilo la kupoteza, haya niambie Subaru walipoteza nini: mafuta wamepoteza, starehe imepotea, ukipita kwenye tuta meno yanagongana, mke wangu hataki kuipanda mpaka Makambako. Kama kupoteza ndo kipimo mi nimepoteza mpaka ndoa inayumba 😅

Historia sasa. Subaru kachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwenye rali 1995, 1996 na 1997 mfululizo na Impreza, na hapo jirani Kenya Safari Rally ameshinda Colin McRae 1997 na Richard Burns 2000, wote na Impreza. Mitsubishi Lancer Evo ya milango minne vilevile, Tommi Mäkinen alibeba Safari 1996. Huo ni mchezo au sio mchezo? Hizo Roadster zenu zilikuwa wapi, zilikuwa zinasubiri jua litoke zifungue paa.

Ulanzi_Turbo

STI punguza munkari kaka, hakuna anayesema Impreza haina uwezo. Ila umeleta Safari na mi Safari naipenda kuliko wewe. Mwaka 1971 nani kashinda? Edgar Herrmann na Datsun 240Z. 1973? Shekhar Mehta na Datsun 240Z. Hiyo ni spoti tupu, boneti ndefu, milango miwili, viti viwili, injini ya piston sita inasukuma nyuma, na haina tabo. Imepigwa kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki na imetoka kifua mbele, na enzi hizo rali za hapa zilikuwa za maelfu ya kilomita sio hizi za sasa za kukimbia na kurudi hotelini. Kwa hiyo hoja ya kwamba spoti halisi haifai barabara zetu imekufa toka miaka ya sabini.

Impreza yako mkuu imezaliwa tumbo moja na Impreza 1.5 ya mwalimu wa sekondari, bodi ileile, milango ileile, buti ileile. Walichukua gari ya watu wakaitia wazimu. Wazimu mzuri, naukubali, hapa Iringa kwenye rali za misitu ya Sao Hill mnatupa burudani sana na vumbi lenu. Ila 240Z hakukuwa na toleo la mwalimu.

STI_Mlima_Nyoka

Mehta huyohuyo unayemleta akaja kushinda Safari mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na gari gani? Datsun Violet. Ya kwendea kazini. Umalizie na hiyo historia usiikate inapokunogea.

Ulanzi_Turbo

Hapo umenipiga 😂 ila Violet bado sio spoti, ilikuwa gari ya rali. Rali inashindwa na gari imara, na imara sio lazima iwe spoti, Peugeot 404 nayo ilishinda Safari mara nne na hakuna mtu aliwahi kuiita spoti, babu zetu walibebea nayo mahindi.

Mama_wa_Gangilonga

Kaka zangu habari za jioni. Nasoma naona mnaitaja Roadster kama vile ni mzimu, mi ninayo, ile ya pili yake, taa hazifunguki kama ya kwanza, 1.8, manyuo. Naitumia Iringa mwaka mzima kwa hiyo niwaambie mtu anayeishi nayo anaona nini.

Mabaya kwanza. Matuta. Kuna tuta jipya wakiliweka mtaani mi ndo najua wa kwanza, chini inakwangua, nimejifunza kupita kiupande tairi moja moja. Vumbi la kiangazi ukifungua paa nywele unasuka upya. Ukienda sokoni viazi unanunua sado, gunia lisahau, na ukimpa mtu lifti basi ni mtu mmoja na begi lake apakate. Na heshima hakuna, wazee wanadhani gari imekatwa kwa ajali.

Sasa uzuri wake. Nikitoka Ipogolo kupanda mjini, zile kona na kile kilima, natembea 50 au 60, spidi ambayo hata trafiki hanitazami, na nakuwa nimefurahi kuliko mtu aliye kwenye Crown anakimbia 140 Mafinga. Kila kitu unakisikia, usukani unakwambia tairi la mbele limekanyaga nini, gia inaingia tii, unaishusha kabla ya kona unasikia injini inaitika. Gari zenu zenye farasi 280 ili uanze kufurahi lazima uvunje sheria kwanza, ukianza tu kunoga ushapigwa tochi. Kwa hiyo kwangu mi hapo ndo spoti ilipo, gari inayokupa raha kwenye spidi ndogo. Fundi hilo la kupoteza nimelipenda lakini umeliweka upande mmoja, vitu vimepotea ndio, ila sema pia vimepotea ili nini kipatikane.

Na STI mpe pole shemeji yetu.

Nsongwi_Juu

Dada umeuza hiyo gari hata haipo sokoni. Mi narudi palepale, milango miwili.

Fundi_wa_Soweto

Nsongwi na Hilux singo kebini hujaijibu.

Nsongwi_Juu

Hilux singo kebini ukiitoa mzigo wote ukaiwasha kwenye tope, hiyo ni spoti bwana usinibishie, mkia unacheza wenyewe.

Kipunji_wa_Rungwe

Wakuu nashukuru sana, dada wa Gangilonga hapo umeniharibia bajeti kichwani. Nimepeleka hoja ya kilo kijiweni, mwenye Mark X kakasirika, anasema yake ni ya S Package kwa hiyo kampuni yenyewe imekiri ni spoti, na kwamba saa yake ya spidi inasoma 180 ila gari "ina zaidi ya hapo, imefungwa tu". Ni kweli imefungwa au ndo yale ya kijiweni? Na mbona Altezza nayo inaishia 180, na hata Vitz ya dada yangu inaishia 180?

Fundi_wa_Soweto

Kufungwa ni kweli. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinakatwa spidi kwenye 180 na kompyuta, watengenezaji walikubaliana wenyewe, ndo maana Mark X, Altezza, mpaka Skyline, saa zote zinaishia hapo. Vitz yenyewe haifungwi na kompyuta, inafungwa na Mungu. Kwa hiyo 180 kwenye saa haikwambii kitu, ni kibao tu.

Kwenye nguvu pia walikubaliana, kuanzia mwisho wa miaka ya themanini mpaka 2004 hakuna Mjapani aliyetangaza gari ya zaidi ya farasi 280 kwa soko la kwao, Honda Legend ndo ilivunja, ikaja na 300. Ndo unakuta STI, Evo, Supra na Skyline GT-R zote zimeandikwa 280 kama zimepeana majibu ya mtihani, na mafundi wakizipima wanakuta baadhi zina zaidi. Hapo ndo utaona kwa nini farasi za kwenye makaratasi hazifai kuamulia ubishi.

S kwenye gia ni sehemu ya kubadilishia gia mwenyewe kwa mkono kwenye otomatiki, haiongezi kitu kwenye injini. S Package ni rimu kubwa, saspensheni imekazwa, na urembo wa bodi. Akae kwa amani, kuna Mark X za kizazi cha pili zenye lita 3.5 na farasi 318, hiyo hata STI anakaa pembeni kidogo, na bado naiita Mark X.

STI_Mlima_Nyoka

Sikai pembeni. Mvua ikinyesha barabara ya Tukuyu, kuanzia Isyonje kushuka Kiwira, ukungu umeshuka na lami inateleza, hiyo 3.5 inayosukuma nyuma tu aje tuanze wote.

Semi_Tunduma

Msianze popote. Hiyo barabara ina malori ya Malawi na akina mama wa ndizi.

Ulanzi_Turbo

Kweli tupu. Mwenye hamu ya kukimbizana asubiri rali, barabara inafungwa, ambulensi ipo, helmeti ipo.

Kipunji bado hatujakujibu Forester XT, hiyo ni gari ya shamba yenye injini ya WRX, inunue kama unaenda Kitulo kila wiki, usiinunue kwa ajili ya ubishi huu.

Dalali_wa_Kabwe

Nimesoma yote mmeacha la muhimu, mtu anataka kununua.

Kipunji kama moyo uko kwenye Altezza angalia namba ya chesesi kabla hujaangalia rangi. SXE10 ndo RS200, GXE10 ni AS200, na nyingi zilizoko mtaani ni GXE10 zilizobandikwa nembo ya RS. Usidanganywe na gia sita, AS200 nazo zipo za gia sita. Fungua boneti uhesabu, yenye piston nne ndo yenye nguvu, yenye piston sita ni 1G ya farasi 160, watu wengi wanafikiri kinyume wanalipa hela ya RS kwa AS. Zote mbili zina mkanda wa taimingi, muuzaji akishindwa kukwambia ulibadilishwa lini weka kwenye bei kwamba unaubadilisha wewe, kawaida ni kila kilomita laki moja. Hiyo 3S ya manyuo kompresheni yake ni 11.5 kwa 1 kwa hiyo mafuta ya kupimiwa kwenye chupa pembeni ya barabara usiipe, itaanza kugonga. Iwashe ya baridi asubuhi, sio mchana ishazungushwa na muuzaji, sikiliza kichwani, angalia moshi, afu panda nayo kilima chochote na gia ya tatu uone klachi kama inateleza.

Ukitaka kuagiza mwenyewe Japani ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza. Injini inayozidi sisi (cc) 1000 mpaka 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10, kwa hiyo Altezza na 86 zinaingia kwenye nafuu na Mark X haiingii. Ila uzee wa gari una ushuru wake juu ya huo, na Altezza zilikoma kutengenezwa 2005, kwa hiyo ile ya uchakavu huikwepi, wakati mwingine unakuta iliyopo hapa nchini tayari ni rahisi kuliko kuileta.

Kuna SXE10 moja ya bluu naijua iko Uyole, mwenyewe anahama. Ni otomatiki lakini, hiyo farasi 200 sio 210, na bei anayoitaja ni ya manyuo. Ukiitaka nenda na Fundi, mi nikienda na wewe atajua ni biashara atapandisha.